Kalunguyeye wangu, na karatasi niliyodhani ni kibali

Dada mmoja wa Queens ameniandikia wiki hii: "Kaka, nimeona kalunguyeye anauzwa mtandaoni dola 200, muuzaji anasema karatasi zote anazo. Wewe uliwahi kumfuga hapa hapa New York, nipe mbinu." Dada yangu, mbinu ninayo moja tu. Ila nitakuzungusha kwanza, maana jambo hili bado limenikaa kooni.

Mimi ni mtoto wa Kondoa. Kwetu kalunguyeye hanunuliwi. Mvua zikianza anatoka mwenyewe, unamkuta jioni chini ya mwembe akitafuna kumbikumbi. Ukimgusa anajikunja duara, miiba tupu. Tulikuwa tunammwagia maji ili ajikunjue, na bibi alikuwa anatufukuza na mwiko. Sasa nimekaa Bronx miaka sita, chumba kimoja, kazi ya usiku, naona video ya Mmarekani anamwogesha kalunguyeye kwenye sinki kwa mswaki. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, kisha nikakaa kimya muda mrefu. Wiki iliyofuata nilikuwa nimeshamlipia mmoja, dola 225, kutoka jimbo jirani. Nikamwita Bwana Sindano.

Muuzaji alinipa bahasha. Ndani mna karatasi yenye jina la Wizara ya Kilimo ya Marekani, namba, saini, kila kitu. Nilifurahi kuliko siku niliyopata leseni ya udereva. Nikaipiga picha nikairusha kwenye kundi la wana-Kondoa: "Huku mambo ni kwa kibali, jamani." Nikaiweka kwenye fremu, pembeni ya picha ya mahafali yangu. Mcheke tu, nimeshazoea.

Kumtunza nilimtunza, hilo sitakubali mtu aniambie. Kalunguyeye hawa asili yao ni Afrika, na Marekani ilifunga mlango wa kuwaingiza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa kuogopa ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo, kwa hiyo wanaouzwa leo ni vitukuu waliozaliwa huku. Lakini mwili haujasahau nyumbani. Akikosa joto la kama nyuzi 24 za Selsiasi anaanza kuzubaa kana kwamba anataka kulala msimu mzima, na usingizi huo unaweza kumuua. Sheria ya mji inamtaka mwenye nyumba atoe nyuzi 62 za Fahrenheit usiku wa baridi, ambazo ni kama 17 zetu. Zinamtosha binadamu mwenye blanketi. Bwana Sindano nilimnunulia taa ya joto, na usiku boila ya jengo ilipoharibika nilimlaza tumboni, ndani ya sweta, nikashinda na alama za miiba kama mtu aliyetoka kuokota kuni.

Tatizo lilikuwa gurudumu lake. Mnyama huyu halali usiku, anakimbia. Krr, krr, krr mpaka alfajiri. Mimi nipo kazini, sisikii. Jirani wa chini anasikia.

Na jirani huyo, niseme tu, ni mtu wa kwetu, Mswahili mwenzangu. Pilau langu amekula Idi mbili. Angeweza kugonga mlango akasema "ndugu yangu, mashine yako inanikosesha usingizi." Hakugonga. Alikwenda moja kwa moja kwa msimamizi wa jengo. Siku hizi tunasalimiana kwenye ngazi, salamu ya mdomoni.

Barua ikaja: mkataba wa pango hauruhusu mnyama, mtoe. Nami nikajifanya wakili. Nilishasikia kuwa New York kuna sheria ya miezi mitatu: ukifuga mnyama waziwazi, mwenye nyumba akajua na asichukue hatua mahakamani ndani ya muda huo, amepoteza haki ya kukuambia umtoe. Sheria hiyo ipo kweli, tangu 1983, na imewaokoa watu wengi wenye mbwa na paka. Mimi nilikuwa na mwezi wa tano, na msimamizi alishamwona Bwana Sindano alipokuja kutengeneza bomba. Nikavaa koti, nikachukua fremu yangu, nikaenda ofisini kwao kifua mbele.

Yule mama wa ofisini alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole ulioniumiza kuliko matusi: sheria ya miezi mitatu inamlinda mnyama ambaye kanuni za afya za mji hazimkatazi. Kalunguyeye amekatazwa, katika sehemu zote tano za mji wa New York, Bronx mpaka Staten Island. Na ile karatasi? Ilikuwa leseni ya muuzaji, ya kumruhusu yeye kuzalisha na kuuza, huko kwake. Mimi nilikuwa nimetundika ukutani leseni ya biashara ya mtu mwingine.

Nikauliza basi niombe wapi kibali changu. Hakuna. Bustani za wanyama na maabara zina njia yao, lakini mtu binafsi wa ghorofani hana fomu ya kujaza wala ada ya kulipa.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, yaani baada ya kuchelewa. Fereti, yule mnyama mrefu kama nguchiro, mji ulimkataza mwaka 1999, na 2015 bodi ya afya ikakataa kumrudisha. Iguana, yule mjusi mkubwa, hapana. Kasa wadogo ambao gamba halijafika inchi 4 hawaruhusiwi kuuzwa kama vipenzi nchi nzima tangu 1975, kwa sababu ya salmonela, bakteria ya kuharisha, na kalunguyeye naye huibeba akionekana mzima kabisa. Kuku majike ruksa, jogoo marufuku, kwa hiyo mtakula mayai lakini alfajiri mjiamshe wenyewe. Nyuki wameruhusiwa tangu 2010, ilimradi mzinga uusajili idara ya afya. Na kama mnaona mji una ukali wa bure, mwaka 2003 alikutwa chui milia mzima ndani ya nyumba ya Harlem, na polisi alishushwa kwa kamba mpaka dirishani ili ampige sindano ya usingizi.

Sasa mbinu, dada. Kabla hujatoa senti, uliza mji. Muuzaji usimuulize, hata kundi la WhatsApp usiliulize. Jimbo linaweza kuruhusu na mji ukakataza. Mji ukiruhusu, soma mkataba wako wa pango. Ukipewa karatasi, tafuta jina lako juu yake na anwani yako. Lisipokuwepo, hiyo si yako. Na ninyi wadogo zangu mnaofuga kwa ajili ya video, acheni. Mnyama hajui mna wafuasi wangapi. Anajua kama kuna joto. Uliza mji kwanza, narudia, na sitaacha kurudia, kwa sababu mimi niliambiwa "mbona hukuuliza?" na watu wale wale walioipenda picha ya fremu.

Bwana Sindano nilimpa familia moja ya New Jersey, ambako jimbo linataka kibali lakini kibali chenyewe kinapatikana. Sikumtoa mpaka waliponionyesha karatasi, na safari hii nilisoma kila mstari, jina na anwani. Niliwapa na taa. Gurudumu walikuwa nalo lao, la plastiki, halina kelele kabisa. Bei yake dola 30.

Dada wa Queens amenijibu jana usiku. Anasema ameshatoa arubuni, dola 50. Nimemwambia akaidai leo.