Ukitaka kujua kama chuo cha India kinafanya utafiti kweli, anza na anwani

Kila brosha ya chuo kikuu cha India hujigamba kwa idadi ya machapisho, na mara nyingi idadi yenyewe si ya uongo. Shida ni kwamba haikusaidii. Anayepanga kwenda kusoma uzamivu wa sayansi au tiba huko anahitaji kujua kazi ilifanyikia wapi na nani aliiongoza. Yote mawili unayapata bure, kwa mchana mmoja na bando la kutosha. Tuchukue Banaras Hindu University, yaani BHU ya Varanasi, iliyoanzishwa 1916, kwa sababu ina karibu kila mtego utakaokutana nao kwingine.

Mtego wa kwanza ni jina. PubMed, kanzidata ya bure ya makala za tiba na sayansi ya viumbe, hutafuta kwa anwani ya mwandishi, yaani taasisi anakofanyia kazi, ukiweka [ad] baada ya neno. Ukiandika "Banaras Hindu University"[ad] peke yake, utawakosa walioandika Benaras au Benares, na walioweka BHU tu. Unganisha tahajia zote kwa OR. Ila BHU usiiache bila mlinzi: vituo vya afya vya msingi vya Pakistan vinatumia kifupi hicho hicho, na makala zao zitajaa kwenye matokeo yako. Andika (BHU[ad] AND Varanasi[ad]), kisha funga miaka kwa AND 2019:2023[dp].

Halafu kuna uhandisi. Taasisi ya teknolojia ya BHU ilitengwa 2012 ikawa IIT (BHU), yaani Indian Institute of Technology ya hapo, lakini maneno "Banaras Hindu University" yamebaki ndani ya jina lake, kwa hiyo makala zake zinaingia kwenye hesabu yako. Wengi hukimbilia kuongeza NOT "Indian Institute of Technology"[ad]. Usifanye hivyo. Amri hiyo inaondoa pia makala ambazo madaktari wa BHU waliziandika pamoja na wahandisi wa IIT yoyote, hata ya Delhi au Kanpur. Zitenge kwa mkono, inachosha lakini ndiyo njia.

Ukichora mstari wa miaka 20 utaona unapanda karibu na 2014. Usishangilie mapema. Kabla ya hapo PubMed ilikuwa ikihifadhi anwani ya mwandishi wa kwanza tu. Baadaye ikaanza kuweka za waandishi wote. Sehemu ya mpando huo ni kanzidata kubadili utaratibu, wala si chuo kuamka usingizini.

Wakati wa kupakua, usichague CSV, kwa sababu haina anwani kabisa. Chagua muundo unaoitwa PubMed. Kikomo ni rekodi 10,000 kwa mkupuo, kwa hiyo chuo kikubwa kikate kwa vipande vya miaka. Ndani ya faili utaona FAU, yaani jina kamili la mwandishi, na AD, anwani yake, chini yake. Sasa hesabu makala ambazo mwandishi wa kwanza au wa mwisho ana anwani ya chuo hicho. Katika tiba, wa mwisho kwa kawaida ndiye mkuu wa kazi. Hiyo ndiyo namba ya kuamini. Itakuwa ndogo kuliko ya brosha, tena kwa mbali.

Sababu ya kuwa mkali hivi ni makala za waandishi mamia. Panjab University ya Chandigarh iliongoza vyuo vyote vya India kwenye orodha ya vyuo bora duniani ya Times Higher Education ya 2013-14, ikibebwa sana na wanafizikia wake walioshiriki majaribio ya CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, ambayo makala zake hurejelewa mno. Hapakuwa na hila yoyote. Lakini anayekwenda kusoma famasia hapo hapati chochote kutoka CERN.

Ukubwa wa hospitali nao usikudanganye. Uchambuzi wa taasisi 579 za tiba za India, uliohusu 2005 hadi 2014, ulikuta 25 tu zilizotoa zaidi ya makala 100 kwa mwaka, na hizo 25 zilibeba asilimia 40.3 ya kazi yote. Asilimia 57.3 ya taasisi hazikuwa na hata chapisho moja kwa muongo mzima.

Na makala moja inaweza kuzidi mia. Timu ya BHU inayotibu kala-azar, ugonjwa wa vimelea unaoenezwa na usubi, huko Muzaffarpur, Bihar, ilichapisha 2010 jaribio la wagonjwa 412: dozi moja ya dawa ya amphotericin B iliyofungwa ndani ya vifuko vidogo vya mafuta (liposomu), miligramu 10 kwa kilo, iliponya asilimia 95.7 baada ya miezi sita, dhidi ya 96.3 kwa tiba ya zamani iliyomlaza mgonjwa kwa siku 29. Kwa msomaji wa Baringo au Turkana, angalizo: Afrika Mashariki dozi hiyo moja haikutosha.

Majaribio ya tiba yahakiki kwenye CTRI, daftari la taifa la India la kusajili majaribio hayo, lililoanza 2007. Namba ya usajili yenyewe inasema mengi: CTRI, mwaka, mwezi, kisha tarakimu sita. Linganisha mwezi huo na tarehe mgonjwa wa kwanza alipoandikishwa. Tangu tarehe 1 Aprili 2018 daftari halipokei jaribio lililokwisha kuanza. Kwa majaribio ya zamani zaidi, usajili uliokuja baada ya wagonjwa ni dalili ya kuuliza maswali.

Kusikia kwamba jarida "limo kwenye orodha ya UGC", tume ya vyuo vikuu ya India, kusikutulize. Mwaka 2018 tume hiyo ilifuta majarida 4,305 kwa mkupuo. Kanuni zake za 2016 zilimtaka mwanafunzi wa uzamivu achapishe walau makala moja kabla ya kuwasilisha tasnifu, na sharti hilo likaondolewa 2022. Ndiyo maana makala za wanafunzi za miaka ya katikati zina majarida ya ajabu ajabu. Makala zilizofutwa na majarida baada ya kuchapishwa, tafuta kwenye kanzidata ya Retraction Watch, ni ya bure. Moja si kosa la jinai. Tano kutoka maabara moja, zote kwa picha zilizorudiwa, hapo tafuta msimamizi mwingine.

Mwisho fungua Shodhganga, hifadhi ya tasnifu za India, utafute jina la msimamizi unayemtaka. Pale tarehe zilipojazwa, linganisha ya kusajiliwa na ya kutunukiwa, ujue wanafunzi wake hukaa miaka mingapi. Kisha soma sura ya mbinu. Ikiwa kila kipimo kigumu kilipelekwa maabara ya kulipia mjini, utajua vifaa vilivyoko hapo ni vya aina gani, na nani atalipia sampuli zako.