Usimnunulie mzee miwani, mfumbe jicho kwanza!

Rudisha pochi mfukoni. Umeandika kwamba mzee wako tangu Jumapili anaruka maneno ya mwisho ya kila mstari, anajigonga bega la kulia mlangoni, analalamika kuwa "jicho la kulia limechoka", na mpima macho kawaambia mbadilishe lenzi. Unauliza lenzi ipi inafaa, na kama ile programu ya simu ya "kuamsha ubongo wa kulia" itamrudishia kasi ya kusoma. Mkuu, hadithi hiyo naijua mpaka mwisho. Mhusika wake ni mimi, na haikuisha vizuri.

Kabla hujaendelea kusoma, kaa mbele yake. Afumbe jicho la kulia, akutazame puani bila kuhamisha macho, nawe utikise vidole upande wake wa kulia, kisha wa kushoto. Halafu afumbe la kushoto, mrudie yaleyale. Kama upande wa kulia unapotea hata anapotumia jicho la kushoto peke yake, basi macho hayana kosa. Kasoro iko kichwani nyuma, huenda ni kiharusi, na hospitali mnakwenda sasa hivi. Kipimo kikikuchanganya, nendeni vilevile. Kitu kilichokuja ghafla hakisubiri uhakika wako.

Mimi sikufumba jicho, nilifumba akili. Niliamka asubuhi moja nusu ya dunia haipo. Msidhani niliona giza. Wewe saa hizi unaona nini nyuma ya kisogo chako? Huoni weusi, huoni tu. Ndivyo upande wangu wa kulia ulivyokuwa, ndiyo maana nikajidanganya kuwa ni uchovu. Uso haukupinda, mkono unanyanyuka, maneno yanatoka, kwa hiyo nikajipa cheti mwenyewe kwamba si kiharusi. Nikaenda kwa muuza miwani.

Huyo bwana, nikimkumbuka hadi leo natafuna meno! Akanisomesha zile herufi za ukutani, nikazisoma zote mpaka za chini kabisa, polepole lakini bila kukosea, kwa sababu kitovu cha kuona kilikuwa kizima. Sasa mtu anayeziona herufi ndogo kiasi hicho, lenzi inakwenda kumsaidia nini? Hakujiuliza. Akaniambia "jicho la kulia limezeeka kuliko la kushoto", kana kwamba yalizaliwa siku tofauti. Miwani ya kwanza. Nikarudi, akabadilisha namba. Nikarudi tena, ya tatu, ya kuzuia mwanga wa kompyuta. Wiki saba hizo. Miwani mitatu na nusu ya dunia, nilikuwa nimependeza sana.

Wiki ya nane kiharusi cha pili kikaja kumalizia kazi ya cha kwanza.

Daktari alinichorea kwenye karatasi jambo ambalo yule bwana alipaswa kulijua. Jicho la kulia si mali ya ubongo wa kushoto. Kila jicho linapeleka habari pande zote mbili. Nyuzi za nusu ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iliyo karibu na pua zinavuka kwenye makutano ya neva za macho, za nusu ya nje hazivuki. Matokeo yake, kila kilicho kuliani mwako, kionwe na jicho lolote, kinatua ubongo wa kushoto, eneo la kisogoni. Cha kushoto kinatua kulia. Damu ikikatika kisogoni upande wa kushoto, macho yote mawili yanapoteza upande wa kulia kwa pamoja.

Na kwa nini ni kusoma ndiko kunakoumia? Kwa maandishi yanayokwenda kulia kama haya yetu, jicho likitua kwenye neno linavuna herufi tatu au nne tu za kushoto, lakini kulia linachungulia hadi kama 14 au 15, ndipo linajua pa kurukia. Mzee wako anasoma bila kuona anakokwenda. Angekuwa anasoma Kiarabu, upande wa kumuumiza ungekuwa wa kushoto.

Kiharusi cha pili kilinikatia sehemu ya nyuma ya daraja la nyuzi linalounganisha pande mbili za ubongo. Kwa watu wengi, eneo linalotambua maneno yaliyoandikwa liko kushoto, chini kuelekea nyuma. Sasa ubongo wangu wa kulia unaziona herufi vizuri kabisa, ila hauna njia ya kuzivusha kwenda zinakosomwa. Ubongo wa kulia wenyewe ni hodari wa sura. Anayenidai namtambua toka mbali. Lakini neno "maziwa" nalitazama kama nyayo za kuku. Kuandika kumebaki, maana njia yake ni nyingine. Mfaransa Dejerine alieleza mgonjwa wa namna hii mwaka 1892, kwa hiyo muuza miwani hawezi kusema habari hazijamfikia.

Kwa hiyo hiyo programu ya kuamsha ubongo wa kulia iache. Wa kulia haukulala. Cha haraka ni presha ipimwe, moyo uangaliwe kama unadunda ovyo, kichwa kipigwe picha, na atafutwe aliyeziba mshipa kabla hajarudi. Mazoezi ya kutafuta mwisho wa mstari kwa macho yapo, nayo yanasaidia, ila hayo ni ya baadaye. Gari asiguse.

Ulikuwa na swali jingine, nadhani la lenzi, au lilikuwa la mkono anaoandikia? Limenitoka, na kurudi kulisoma siwezi. Swali lako nilisomewa na simu, na haya niliyoyaandika kwa vidole vyangu mwenyewe nayo itabidi inisomee. Nikitaka neno mojamoja nachora herufi kiganjani kwa kidole. Kwa hiyo tahajia ikiwa imekwenda upande mnivumilie, halafu uniambie: umeshamfumba jicho?