Dau limefika 240,000, asubuhi simu haipatikani

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni msomaji wako wa hapa Gungu, Kigoma. Nauza vitu vilivyotumika: mafeni, pasi, redio, vitanda vya mbao, chochote ninachopata kwa watu wanaohama. Tangu mwaka jana navinadi kwenye kundi la WhatsApp lenye watu zaidi ya mia tisa, na mwenye kundi anachukua asilimia 10.

Marehemu mama aliniachia vyerehani viwili: Butterfly cha miguu na Singer cheusi cha mkono. Shule zilipokaribia kufunguliwa nikakinadi kile cha miguu, nikaanzia 50,000. Usiku ule dau lilifika 240,000, nikalala nina furaha. Asubuhi mshindi hapokei, mchana hapatikani. Nikarudia wiki iliyofuata, kikafika 185,000, mambo yakawa yaleyale. Mara ya tatu watu walikuwa wamekichoka. Dau likakaa 70,000 mpaka dakika ya mwisho, akatokea mtu akaandika 95,000, muda ukaisha. Niliandika "kimeuzwa" huku nalia. Nilipotoa cha mwenye kundi nilibaki na 85,500. Je, nilikuwa na haki ya kukataa?

Halafu kuna mteja wa Kasulu niliyemtumia feni la kusimama kwa basi, 45,000. Anasema linagonga na anataka pesa yake yote. Nakiri nilijua linapiga kelele likiwekwa namba tatu, ila hakuniuliza. Shemeji yangu ananishauri awe anaingia na laini nyingine anipandishie dau. Na juzi mtu kanitumia ujumbe kwamba Singer za zamani zina zebaki ndani, yuko tayari kunipa milioni 3, ila nitangulize 80,000 ya kipimo. Nisaidie Shangazi, nimechoka.
Mama wa Watatu, Gungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa kuondokewa na mama, na pole kwa cherehani chake.

Mwaka niliohama Mwanga, hapohapo Kigoma, kuja huku Isevya, Tabora, nilinadi vyombo vyangu vya ndani kwa njia hiyohiyo. Friji langu lilipata dau la 310,000. Kesho yake nikakodi guta, nikalipakia, nikakaa nalo chini ya mwembe tangu saa 4 asubuhi mpaka adhuhuri. Mwenye guta anadai hela yake ya kusubiri, yule mnunuzi simu inaita tu. Baadaye hata kuita ikaacha. Kwa hiyo sikujibu kwa kusikia.

Kwenye mnada wa uwanjani, anayetaja bei umemkabili. Dalali anamwona, majirani zake wanamwona. Akitaja laki mbili na arobaini na mfukoni hana kitu, hapo uwanjani atapita wapi? Simuni ile namba haimgharimu chochote zaidi ya bando. Ameandika 240,000 akiwa amelala kitandani, ameona raha ya kushinda, amelala. Ule uso wa mtu ndio uliopotea kwenye mnada wako, na lazima uweke kitu mahali pake.

Weka amana. Kwa kitu cha kuanzia 50,000, anayetaka kutaja dau atangulize 10,000 kwenye namba yako, na aweke na ya kutolea. Akishinda, amana inahesabiwa ndani ya bei. Akishindwa, unamrudishia usiku uleule mnada unapofungwa, siyo kesho, kwa sababu ukichelewesha siku moja tu utaitwa tapeli na jina hilo halifutiki upesi. Akishinda akakimbia, amana yake inabaki kwako. Yote haya yaandike juu ya tangazo kabla mtu wa kwanza hajataja bei. Sheria ukiitoa baada ya mtu kushinda, hiyo ni hila. Utaona watu kumi na tano wamebaki wanne. Usiogope, hao wanne ndio wanunuzi uliokuwa nao tangu mwanzo.

Andika pia kwamba asiyelipa ndani ya saa 24 kitu kinakwenda kwa aliyemfuata, kwa bei aliyotaja mwenyewe. Wenzetu wa eBay, mnada wa mtandaoni ulioanzishwa Marekani mwaka 1995, wana utaratibu wa namna hiyo kwa muuzaji aliyekimbiwa. Ila uwe mwelewa kwa huyo wa pili. Kama alipandishwa na mtu wa uongo, bei yake nayo imevimba, na akiikataa ana haki.

Sasa 95,000. Hapana, mwanangu, baada ya kuandika "kimeuzwa" hukuwa na haki ya kukataa. Sheria yetu ya Uuzaji wa Bidhaa inasema mauzo ya mnada yanakamilika pale dalali anapogonga nyundo au kutangaza kwa namna iliyozoeleka, na kabla ya hapo mtaja bei anaweza kuondoa dau lake. "Kimeuzwa" yako ndiyo nyundo. Kosa lilifanyika mapema: hukuweka bei ya chini. Sheria hiyohiyo inaruhusu mnada wenye bei ya chini. Ungeandika "kuna bei ya chini, isipofikiwa siuzi", zile 95,000 zingepita na cherehani kingebaki sebuleni kwako. Kuanzia 50,000 kunaita watu, hilo sikatai, lakini bei ya kuanzia siyo bei ya kuuzia, na wewe ulizichanganya.

Kuhusu yule wa dakika ya mwisho, hakukuibia. Mnada ukifungwa kwa saa, mwenye akili anangoja mpaka mwisho ili wenzake wasipate nafasi ya kumjibu. Wachumi Alvin Roth na Axel Ockenfels waliwahi kulinganisha eBay, ambako saa ikifika imefika, na minada ya Amazon ya wakati ule, ambako dau likiingia ndani ya dakika 10 za mwisho muda unaongezwa. Kule kwa Amazon watu wa kuvizia walikuwa wachache zaidi. Fanya hivyo: "tunafunga saa 3 usiku, ila dau likiingia baada ya saa 2:50 tunaongeza dakika 10 kutoka dau hilo." Aliyekuwa na 70,000 angepata muda wa kumjibu wa 95,000, huyo naye angejibu, na ungejua cherehani cha mama kina thamani gani kwa watu wawili wanaokitaka kweli.

Na mtandao wetu unaujua. Umeme ukikatika, ujumbe wa mtu wa Kibirizi unakaa na tiki moja robo saa, ukifika unakuta kwenye simu yako umekaa chini ya mwingine, kwenye simu ya jirani uko juu. Tangaza mapema kwamba mpangilio wa simu yako ndio utakaofuatwa. Kila dau linapoingia lipige picha ya skrini, kwa sababu WhatsApp inamruhusu mtu kuhariri ujumbe wake ndani ya dakika 15. Nimeona 120,000 ikigeuka 102,000 baada ya mnada kufungwa. Kuna neno dogo linabaki pembeni kuonyesha umehaririwa, ila halikwambii mwanzo ulisemaje. Picha yako ndiyo itakayosema.

Shemeji yako mwambie asante, lakini hapana. Sheria niliyokutajia inamkataza muuzaji kutaja bei kwenye mnada wake, mwenyewe au kwa kumtuma mtu, bila kutangaza kwamba amejiwekea haki hiyo. Akifanya kwa siri, mnunuzi anaweza kuyahesabu mauzo hayo kuwa ya udanganyifu. Na tazama unakotoka: umeumizwa na watu waliotaja bei wasiyokusudia kulipa, sasa unataka kumleta mwingine wa aina hiyo, tena kutoka nyumbani? Kigoma siyo kubwa. Laini ya shemeji itatambulika kabla ya Idi.

Feni la Kasulu limeniuma kuliko vyote, na hapa sitakubembeleza. Ulijua, mwanangu. "Hakuniuliza" haitoshi, maana yeye hakuwa na namna ya kuuliza asichokiona. Picha ya feni haitoi sauti. Mrudishie 45,000 zake feni likifika mkononi mwako, na nauli ya kulirudisha ilipe wewe. Kisha lifungue. Mara nyingi kinachogonga namba tatu ni panga lisilokaa sawa kwenye mhimili, au skrubu ya nyuma ya kava imelegea, fundi analimaliza kwa muda mfupi. Likiwa bado linalia, liuze tena kwa video: liwashe namba moja, namba mbili, namba tatu, nyamaza, acha watu walisikie. Andika "linapiga kelele namba tatu, bei imezingatia hilo". Mimi niliuza kabati lenye mlango uliopinda kwa njia hiyo. Nilipiga picha ule upinde na rula pembeni, na aliyenunua hakunipigia tena mpaka siku aliyotaka na meza. Unapotuma feni kwa basi, vua mapanga, yafunge peke yake kwa gazeti na kitambaa, mhimili uuvishe chupa ya maji iliyokatwa. Lipige picha mbele ya karani wa mizigo kabla halijapanda.

Nimebakiza Singer. Huyo wa zebaki ni tapeli. Mwaka 2009 kule Saudi Arabia ulivuma uvumi kwamba vyerehani vya zamani vya Singer vina zebaki nyekundu yenye thamani kubwa, watu wakavigombania kwa maelfu ya riyali, na ndani hamkuwa na kitu ila chuma na mafuta ya mashine. Uvumi umesafiri tangu hapo, na kila ukifika mahali unakuja na ada ya kipimo. Hiyo 80,000 ndiyo biashara yake. Ujumbe wake utume pamoja na namba iliyouleta kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu, kisha umzuie.

Cherehani chenyewe usikinadi. Mnada unafaa kitu ambacho bei yake huijui na wanaokitaka ni wengi. Singer cha mkono kina watu wake: mafundi wa vijijini wasio na umeme, na wanaoanza kushona wasioweza kununua kipya. Nenda sokoni Mwanga, zunguka kwa mafundi watatu, uliza kila mmoja angekilipia kiasi gani kikiwa kinashona, na shona kipande cha kitenge mbele yake. Hapo utakuwa na bei ya kuandika, moja, isiyopanda wala kushuka. Kwenye kitako, upande wa gurudumu la mkono, futa vumbi kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo. Utaona namba iliyogongwa kwenye chuma. Namba hiyo inaonyesha kilitengenezwa lini. Niandikie uniambie ni ipi, na kama sindano bado inashuka bila kukwama.