Kiuno changu, trela, na sindano za Kichina

Wiki iliyopita kaka mmoja aliniandikia akiwa kwenye foleni ya malori ya Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda. Siku ya pili hiyo yumo ndani ya kebini, kiuno kinawaka moto, mguu wa kulia umeanza kufa ganzi hadi kisiginoni. Utingo wake amemletea kimfuko cha "dawa ya Kichina" kutoka kwa mchuuzi, hakina maandishi yoyote ila picha ya simba. Akaniuliza: "Mzee, nimeze au nisimeze?"

Nilimjibu papo hapo asimeze. Kisha usingizi ukanikataa, kwa sababu kimfuko kama kile nilikimeza mimi 2019.

Mimi nimeendesha trela miaka 17, Mombasa hadi Kampala, mara nyingine hadi Elegu, mpakani na Sudan Kusini. Wenzangu mnajua maisha hayo: unakaa saa kumi bila kunyoosha mguu, kisha unaruka chini na kushika kitu kizito mwili ungali baridi. Kiuno changu kilikatika Lugazi, nikibadilisha gurudumu. Niliinama, nikasikia kitu kama kamba inakatwa, na sikuinuka tena. Utingo alinivuta hadi kivulini kama gunia la mahindi. Siku 12 baadaye tajiri wangu alinitumia ujumbe wa maneno machache: gari limepata dereva mwingine, pona haraka. Miaka 17, jamani! Nilimsamehe, lakini ujumbe ule bado ninao kwenye simu.

Hospitalini walipiga picha, wakasema mifupa haijavunjika, wakanipa dawa ya maumivu, diklofenaki. Nikawa naimeza kama njugu hadi tumbo likaanza kuchoma usiku. Nikanunua na mshipi wa kiuno, nikaufunga karibu mwaka mzima. Hapo ndipo mchuuzi mmoja aliponiuzia vidonge vya rangi ya kahawia. Ndani ya saa mbili maumivu yalikwisha! Nikamwambia mama watoto kwamba Mungu amenikumbuka. Mwezi wa pili wa kuvimeza uso ulivimba ukawa duara, shinikizo la damu likapanda. Daktari alipoviona alinieleza kwamba vidonge kama hivyo visivyo na lebo hukutwa vimechanganywa na steroidi, yaani dawa kali za kushusha uvimbe, au dawa kali za maumivu. Yaani sikuwa natumia dawa ya Kichina hata kidogo. Na hata kuviacha ilibidi niviache taratibu, chini ya uangalizi wake, kwa sababu steroidi ikikatwa ghafla mwili unaweza kuzirai.

Miezi iliyofuata naiacha, haina la kusimulia.

Shemeji ndiye aliyenipeleka kwa daktari mmoja wa Kichina, mama mwenye umri, hapa Kampala. Nilikwenda kwa hasira, nikijua nakwenda kuibiwa tena. Msichana wa kutafsiri alikaa pembeni. Daktari alianza na maswali: nalala vipi, nakojoa mara ngapi usiku, maumivu yanazidi kukiwa na baridi au joto. Akaniambia nitoe ulimi. Akashika kifundo cha mkono wangu kwa vidole vitatu, kulia kisha kushoto, kimya, muda mrefu. Akasema kiuno ni nyumba ya figo, na baridi imeingia. Nikaogopa, nikadhani figo zangu zimekufa. Msichana akafafanua kwamba "figo" ya tiba yao ni namna ya kueleza nguvu za mwili, si ile inayopimwa maabara. Hilo likumbukeni, msije mkatoka kwao mnalia bure.

Nikalala kifudifudi. Alipima mgongo kwa upana wa kidole gumba changu mwenyewe, si chake, maana kila mwili una kipimo chake. Sindano mbili zikaingia pande mbili za uti wa mgongo usawa wa kiuno, mahali panapoitwa Shenshu. Halafu akashuka nyuma ya goti, katikati kabisa ya mkunjo. Hapo panaitwa Weizhong, na madaktari wao hufundishwa tangu zamani kwamba mgonjwa wa kiuno atafutiwe hapo. Sindano yenyewe ni nyembamba kama unywele mnene, unaihisi kama mbu. Alipoizungusha kidogo, uzito ukateremka ndani ya shavu la mguu hadi kisiginoni, mzito kama madini ya risasi. Alipouona mguu unaruka akatabasamu, akasema neno moja la Kiswahili: "Vizuri."

Dakika 20 hivi. Baadaye akawasha kijiti cha majani makavu ya moksa karibu na ngozi, harufu ya nyasi zinazoungua, joto likaingia hadi mfupani. Siku nyingine alinibandika vikombe vya kioo. Hapo nikamkumbuka bibi yangu! Sisi tuna kuumika kwa chuku, Waganda wanasema okulumika, Waislamu wana hijama. Tulikuwa nayo nyumbani, tukaidharau.

Sikupona siku ile. Kikao cha nne ndipo nilipolala usiku mzima. Nilikwenda mara kumi, na kila mara daktari alinituma nikatembee, nisikae. Nilitembea hata kama nalia. Nawaambieni kwa moyo wote, sindano bila kutembea ni pesa ya bure. Tembeeni! Kwenye foleni ya Malaba shukeni, zungukeni gari, kila saa.

Wapo wanaonicheka kwamba nimegeuka mganga wa Kichina. Basi waangalie mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno. Mazoezi yamo, kukandwa kumo, na tiba ya sindano imo. Mishipi ya kiuno wameikataa, kwa hiyo pesa yangu ilipotea. Na Wachina si wageni hapa: madaktari wao wanakuja Uganda kwa zamu tangu 1983.

Lakini sikilizeni. Sindano lazima itoke kwenye pakiti iliyofungwa, mbele ya macho yako, na itupwe ikishatumika. Ukitumia dawa ya kuyeyusha damu, mwambie daktari kabla. Mitishamba ya kunywa usiinunue mtaani. Ubelgiji, mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wengi waliharibika figo kwa vidonge vya kupunguza unene vyenye mmea wa Kichina ulioingizwa kwa makosa badala ya mwingine wenye jina linalofanana. Kama nchi ile ilikosea, mchuuzi wa foleni atakuwaje salama?

Na kuna maumivu ambayo hayangoji sindano: ukishindwa kuzuia mkojo au choo, ukifa ganzi sehemu za siri, miguu ikilegea, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukiwa na homa, jasho la usiku na kukonda, kapimwe. Kifua kikuu huingia hata kwenye uti wa mgongo, na hapa kwetu tunacho.

Kaka wa Malaba amenipigia jana. Kimfuko amekitupa. Ganzi ya mguu imenitia wasiwasi, hivyo nimemwambia aanzie hospitali Tororo kabla hajafika Kampala, na nimemwachia nambari ya shemeji. Trela lake limevuka saa tatu usiku.