Cornflour si sembe: kwa wewe unayepika ughaibuni

Wiki yangu ya pili Leeds, Uingereza, nilishikwa na hamu ya ugali. Dukani nikaona pakiti imeandikwa "cornflour". Corn mahindi, flour unga, nikalipa nikaondoka. Nyumbani nikachemsha maji, nikamimina, nikaanza kusonga. Haukusongeka. Unga wenyewe ulikuwa laini mithili ya poda ya mtoto, na ndani ya sufuria uligeuka kitu cha kung'aa, kinanata, kinavutika kama gundi kila nikiinua mwiko. Usiku ule nilipika wali.

Kumbe kwa Waingereza "cornflour" ni wanga mtupu wa mahindi, wa kufanya mchuzi uwe mzito. Wamarekani kitu hichohicho wanakiita "cornstarch", ilhali "corn flour" ya kwao ni mahindi yaliyosagwa kweli. Kwa hiyo ukiwa Uingereza ulizia "maize meal", hasa kwenye maduka ya Waafrika na ya Wahindi. Ukiwa Marekani chukua "cornmeal" nyeupe, iliyosagwa laini.

Sisi wa Afrika Mashariki tunateleza zaidi Marekani, kwa sababu Kiingereza chetu cha jikoni tulikipata kwa Waingereza. Biskuti yetu ni ile kavu ya kuchovya kwenye chai. Mmarekani akikuletea "biscuit" ni kimkate kinene, laini, kilichoumuliwa kwa baking pauda, na mara nyingi kinamwagiwa mchuzi mweupe wenye soseji ya nguruwe. Ukiagiza "chips" unaletewa krispi. Chipsi zetu huko ni "fries".

Hapo kwenye nguruwe ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri, hasa ndugu zangu Waislamu na wote wasiokunywa pombe. Kukosea unga ni hasara ya jioni moja, lakini kuna majina yanayoweza kukulisha au kukunywesha usichokitaka. "Cider" nchini Uingereza ni pombe ya tufaha. Marekani, "apple cider" inayouzwa msimu wa mavuno kwa kawaida ni juisi ya tufaha isiyochujwa, na yenye kilevi wanaiita "hard cider". Mtu aliyezoea kunywa juisi hiyo Ohio, Marekani, akifika Bristol, Uingereza, akaagiza kwa jina lilelile, ameagiza pombe. "Pudding" kwa Mwingereza inaweza kuwa kitindamlo chochote, lakini "black pudding" ni soseji ya damu, kwa kawaida ya nguruwe. "Mincemeat" ya Krismasi haina nyama ya kusaga: ni matunda makavu na viungo, ila kwa desturi hutiwa mafuta ya ng'ombe na mara nyingi brandi. Na "jelly" ya Uingereza, ile inayotikisika kwenye bakuli, mara nyingi huwa na jelatini, ambayo huweza kutokana na nguruwe. "Jelly" ya Marekani ni ya kupaka kwenye mkate, kama jemu iliyochujwa. Ninachofanya mimi ni kugeuza pakiti na kusoma viambato, kila mara, hata nikiwa na haraka. Mkahawani namuuliza mhudumu kilichomo ndani, kisha ndipo naagiza.

Vipimo navyo vina nchi zao. Painti ya Uingereza ni mililita 568, ya Marekani 473. Kijiko cha mezani ni mililita 15 karibu kote, lakini Australia ni 20. Pishi la Kiaustralia, yaani maelekezo ya kupika, likitaka vijiko vitatu nawe ukapima kwa kijiko chako, umepunja kijiko kizima. Kabla sijawasha jiko natazama pishi limeandikwa nchi gani, na keki napima kwa mizani, kwa gramu. Mizani midogo ya jikoni ni kitu cha kwanza ningekushauri ununue, hata kabla ya sufuria ya pili.

Australia hiyohiyo, "entrée" ni kianzio tu. Marekani ndiyo sahani kuu, basi usiagize kwa mazoea ukabaki na njaa.

Na ukiona Marekani makopo yameandikwa "yams", ndani kuna viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Viazi vikuu vyenyewe viulizie kwenye maduka ya watu wa Afrika Magharibi. Vinauzwa vizima, na magamba yake.