Kijivu au krimu kwa sebule isiyopata jua?

Swali: Fundi, habari za kazi. Sebule yetu ya Tabata ina dirisha moja, linatazama ukuta wa jirani uliopakwa kijani, hata mita mbili hazifiki. Mume wangu anataka kijivu hafifu, mimi krimu. Dukani tumelinganisha kadi mpaka macho yamechoka. Tupake ipi?

Jibu: Nzuri, dada. Kwanza angalia balbu zako. Za LED zilizoandikwa 6500K zina mwanga mweupe unaoelekea bluu. Niliwahi kupaka kijivu sebule moja Mbezi, mchana mwenye nyumba akanisifu. Saa mbili usiku simu ikaita: "Fundi, mbona umenipakia bluu?" Nilibisha mpaka nilipokwenda kuona mwenyewe. Bluu kweli! Tuliweka balbu za 3000K, zile za njano, kijivu kikarudi.

Kwako kuna tatizo jingine. Mwanga wako unagonga kwanza kijani cha jirani ndipo uingie ndani. Kijivu hakina cha kujitetea, kitabeba ule ukijani kifanane na saruji iliyoota ukungu. Krimu nayo si yoyote tu: yenye unjano mkali itaonekana kama ndimu. Tafuta inayoelekea wekundu kidogo, kama chai yenye maziwa mengi, maana wekundu ndio unaopunguza kijani. Kwa hiyo niko upande wako, ila shemeji asijue.

Kadi usiziamini. Kuta nne zinapigiana mwanga, rangi inakolea kuliko ulivyoiona dukani. Chukua makopo madogo, paka vipande viwili vya siling bodi, nusu mita kwa nusu mita, koti mbili, uviache hadi kesho. Rangi ya maji ikiwa mbichi hudanganya. Usijaribie juu ya ukuta wenyewe, rangi ya zamani ikizunguka sampuli hupotosha jicho. Visimamishe nyuma ya sofa, uvitazame asubuhi, saa kumi na moja jioni, na usiku taa zikiwaka.

Shemeji akikomaa, mpe ukuta mmoja, ule unaotazamana na dirisha, ndio unaopata mwanga mwingi. Ukuta wenye dirisha lenyewe usiguswe na kijivu, huo hukaa kivulini mchana kutwa.