Kikapu cha vyuo vikuu bado kina uhai

Ndugu yangu, umeandika kwamba mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani umekufa tangu mwaka 2021, wachezaji waliporuhusiwa kunufaika kifedha na majina yao na kuhama chuo bila kukaa nje msimu mzima, nami kwa heshima sikubaliani nawe. Fainali ya vyuo ya Aprili 2025 inatosha kuwa ushahidi: Florida walikuwa nyuma kwa pointi 12 katika kipindi cha pili, wakakaza ulinzi hadi wakawashinda Houston 65 kwa 63, na Walter Clayton Jr., ambaye hakufunga hata pointi moja kabla ya mapumziko, alikuwa amehamia hapo kutoka Iona, chuo kidogo ambacho wengi wetu hatukuwahi kukitazama.

Ninachokubaliana nawe ni ile haraka ya kwenda NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani. Khaman Maluach, kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda, alicheza chuo cha Duke msimu mmoja tu kabla ya kuchaguliwa wa 10 timu za NBA zilipochagua wachezaji wapya mwaka 2025, na ingawa nilifurahi mno siku ile, bado naamini mwaka wa pili ungemkomaza, hasa katika kushambulia akiwa karibu na kikapu. Jalen Williams, kinyume chake, alikaa chuo cha Santa Clara misimu mitatu, na utulivu alioupata huko ulionekana wazi timu yake, Oklahoma City Thunder, walipowashinda Indiana Pacers na kutwaa ubingwa wa NBA katika mchezo wa saba wa fainali.